Mwana Niliyemrudisha kwa Mdomo

Sikumaliza shule. Niliachia kidato cha pili, na mpaka juzi kitabu pekee nilichokuwa nimefungua kwa miaka mingi ni Biblia, tena nikiruka zile sura za majina ya watu. Kwa hiyo sina hakika kama mimi ndiye wa kuandika vile riwaya inavyoweza kuwafanyia watu. Lakini aliyekosea ni mimi. Nikingoja mwingine aandike, ataandika kwa kunionea ama kwa kunihurumia, na yote mawili hayatakuwa sawa.

Kituo chetu cha majani chai kiko kando ya barabara ya udongo, upande wa Nyamira: paa la bati, mbao zilizofika kiunoni, meza ndefu, mizani ya kuning'inia. Tunafika saa nane mchana na vikapu mgongoni. Tunamwaga majani, tunachambua yale yaliyokomaa ili karani asije akayakataa, halafu tunangoja lori. Linaweza kuja saa kumi, linaweza kuja jua likizama. Siku moja nikabeba riwaya ya binti yangu, aliyoiacha nyumbani alipomaliza shule, jalada limetoka na kurasa za mwanzo zimetafunwa na panya, ili nisikae bure. Nikakaa benchi la mwisho nikasoma kimya, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Jirani yangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni kitabu. Wanawake walicheka mpaka karani akainua kichwa. Mmoja akasema mimi niliyemzika mama mkwe bila kutoa hata chozi moja, leo nalilia karatasi. Baada ya kucheka wakataka kujua hiyo karatasi inasema nini.

Wengi wetu pale hatujakizoea Kiswahili cha vitabu, na jirani yangu aliishia darasa la tatu. Basi nikawa nasoma Kiswahili kwa macho na kusema Kikisii kwa mdomo, sentensi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo shida yote ilipopitia, ila siku hiyo sikuiona.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke mmoja kwenye shamba la kahawa. Alizika binti, na tangu siku ya mazishi mume wake hakusema naye tena. Walikuwa wakilala nyumba moja, wakila sufuria moja, na hakuna neno. Kijana wao aliyebaki alishindwa na kimya hicho akaenda kutafuta kazi mbali. Akaandika barua mara mbili, halafu akanyamaza yeye pia. Mama akabaki anaongea na kuku.

Sikutegemea vile watu wangeipokea. Ajuza mmoja alikuwa akimtukana yule mume kila akitajwa, matusi ya ndani kabisa, kana kwamba anamjua. Mwingine alisema ukweli ni kwamba hata mwanamke ana makosa, kwani naye si alinyamaza, na wawili hao wakazozana mpaka nikafunga kitabu. Karani alijifanya anaandika kwenye daftari lake, lakini kesho yake aliniuliza pembeni kama yule mama alikula jana. Mama shemasi wa kanisa letu alitangaza kwamba hadithi za kutunga ni uongo na Msabato hana kazi nazo. Kila siku alikuja akakaa karibu nami, akinipa mgongo, na nilipopunguza sauti alisema nisinong'one kama mwizi.

Jirani yangu alichambua majani tu, lakini vidole vyake vilikuwa vikisimama.

Lazima niseme habari zake. Boma lake na langu vimetenganishwa na mfereji na safu ya migomba, na tuliolewa mwaka mmoja. Kifungua mimba wake alienda Tabaka kujifunza kulainisha vinyago vya mawe. Huko akafuatana na mfanyabiashara aliyenunua vinyago kuvipeleka Pwani. Kwa mwaka mmoja alipiga simu. Kisha namba ikawa haipatikani, na sasa ni mwaka wa kumi na moja haipatikani. Mume wake alifariki katikati ya kungoja.

Ana mwana mwingine, anaendesha bodaboda Keumbu. Huyo ana mke na mtoto kwenye chumba cha kupanga, na anataka kujenga nyumbani kwao. Lakini kwetu mdogo hajengi akimruka mkubwa. Kaka wa marehemu mume wake, ambaye sisi sote tunamwita mzee, alikuwa ameamua njia: mkubwa azikwe. Mtu akipotea mpaka watu wakakata tamaa, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo yake, likalazwa kaburini kama yeye, na baada ya hapo mambo ya walio hai yanaweza kusonga. Siku ilikuwa imepangwa likizo ya Desemba, wakati watu wa Nairobi wamefika nyumbani. Kilichobaki ni mama kukubali, kwa sababu nguo ya mwanawe ilikuwa ndani ya sanduku lake.

Nisimfanye yule mzee kuwa mbaya. Yeye ndiye aliyepanda basi mpaka Mombasa mara mbili, akaingia vituo vya polisi, akaingia vyumba vya maiti akitazama nyuso za watoto wa wengine. Alirudi amekonda. Alitaka jambo liishe kabla naye hajaisha. Na yule mwana mdogo hakuwa na haraka ya kumzika kaka yake. Alikuwa na haraka ya kumlaza mtoto wake mahali pasipovuja.

Nilikuwa na tabia ya kusoma mbele nyumbani, ili maneno magumu yasinikwamishe. Kwa hiyo nilijua siku tatu kabla kwamba kijana wa kitabuni amekufa. Mama anaitwa na hospitali ya mbali, anapewa kitambulisho na viatu, anapelekwa makaburi ya watu wasiodaiwa na mtu, anaonyeshwa kibao chenye namba. Nilifikiria kusema kitabu kimepotea. Nilifikiria kusema panya wamemaliza. Sikufanya lolote kati ya hayo, nikaenda.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati na ilinibidi nisome kwa sauti kubwa. Nilifika pale mama anaposimama mbele ya kibao. Nikainua macho. Jirani yangu alikuwa ameacha kuchambua kabisa, mikono miwili juu ya majani, ananitazama mdomo.

Nikasema namba haikuwa yake.

Sikupanga. Ilitoka tu. Nikasema karani wa makaburi alitazama tena daftari, akaona ni mtu mwingine aliyefanana jina, na mama akaambiwa aende karakana fulani ng'ambo ya mji. Akaenda. Akamkuta kijana chini ya gari, miguu inaonekana. Akamwita. Kijana akatoka, mrefu, amefuga ndevu, akamtambua mama yake, akacheka huku amefunika mdomo na kiganja.

Jirani yangu akasema, "Imeandikwa hivyo? Anacheka amefunika mdomo?"

Nilielewa nilichofanya wakati uleule. Mwana wake aliyepotea alivunjika jino la mbele akiwa darasa la tano, na tangu hapo alikuwa akicheka hivyo. Nilimwona akicheka hivyo jikoni mwangu mara ngapi sijui. Kichwa changu kilihitaji kijana wa kurudi, kikamchukua aliye karibu.

"Imeandikwa," nikasema.

"Soma tena hapo."

Nikatazama ukurasa, ambao ulikuwa na kibao na namba na mama amesimama, nikasoma tena kitu kisichokuwepo. Mara ya pili sikukumbuka vizuri nilivyosema mara ya kwanza. Nikasahau ndevu. Nilingoja mtu aseme ndevu zimeenda wapi. Hakuna aliyesema. Yule ajuza alikuwa akilia. Karani alikuwa ameshika ndoano ya mizani bila kupima kitu. Hata mama shemasi alikuwa amegeuka, uso mzima, nikaona ana macho mekundu.

Jirani yangu alipanguza mikono kwenye leso, akaacha majani yake juu ya meza, ambayo hajawahi kufanya, na akatoka kwenye mvua.

Jioni hiyo hiyo alienda kwa mzee akamwambia hatatoa nguo. Niliyasikia kesho yake kutoka kwa watu watatu, na wote walikubaliana kwa hili: alimwambia kuna mwanamke alionyeshwa mpaka kaburi, na bado mtoto wake alikuwa hai. Mzee aliuliza mwanamke wa wapi. Akasema wa kwenye kitabu. Mzee alikaa chini. Alisema amezunguka nchi hii akitafuta kijana huyo, na leo anashindwa na kitabu cha watoto wa shule.

Kitabu kilikuwa na kurasa arobaini na kitu zilizobaki, na ningeweza kusimama hapo. Lakini walitaka kujua. Kwa juma zima nilikaa na riwaya imefunguliwa mbele yangu na kusema mambo yangu, nikigeuza ukurasa kila baada ya muda ili mtu asishuku. Yule kijana akaja nyumbani. Yule baba akafungua mdomo. Nilikuwa nikichuma asubuhi nikitunga, vidole vinachuma jani gumu na laini pamoja, na karani akanirudishia nusu kikapu. Nilikuwa na hofu asije mtoto yeyote wa shule akapita pale akachungulia begani. Na niseme ukweli wote: siku mbili kati ya hizo nilifurahia. Walikuwa wakinisikiliza mimi, si kitabu.

Jumapili asubuhi nikiwa naanika mahindi, pikipiki ilisimama kwenye lango. Alikuwa yule mwana mdogo. Alinisalimia kwa heshima kama kawaida, akaulizia watoto, akasema, "Mama, niazime hiyo kitabu."

Yeye alimaliza kidato cha nne. Ningeweza kumwambia kiko kwa binti yangu Kisii mjini. Niliingia ndani, nikasimama mbele ya rafu, nikahesabu sababu za kukataa, na zote zilikuwa zangu peke yangu. Nikampa. Alikiweka ndani ya jaketi akaondoka.

Siku tatu nilizoishi baada ya hapo sitaki nyingine kama hizo. Kituoni nilisema kitabu kimeazimwa. Jirani yangu alinisogelea pale benchi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwandishi ni mtu wa kweli, na kama aliandika alichokiona. Alikuwa ameanza kufua blanketi za kijana wake aliyepotea. Nilimwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli, na lilinifaa kitu gani?

Siku ya nne mchana yule mwana mdogo akarudi. Hakushuka kwenye pikipiki. Alinipa kitabu mkononi.

"Nimetafuta pale anarudi," akasema. "Sijaona."

"Hapapo."

"Ulipatoa wapi?"

"Kichwani."

Alicheka mara moja, cheko fupi la puani, akatazama migomba ya kwao. Nilingoja anitukane na ningeona ni haki. Badala yake aliniambia kwamba wiki iliyopita alimjibu mama yake vibaya kwa sababu ya mtu wa kitabuni, na mama yake alilia, na yeye akaendesha mpaka Keumbu hajui ameendeshaje. Kisha akauliza, "Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Angeweza kwenda moja kwa moja. Angeweza kunisimamisha mbele ya mzee na ukoo wote, na jambo lake lingekwisha siku hiyo. Nimemfikiria sana kwa hilo.

Tukaenda pamoja, yeye akisukuma pikipiki. Mama yake alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko. Alituona tumefuatana na kisu kikasimama. Nadhani alifikiri tumeleta habari za kijana, kwa sababu aliangusha kisu akijaribu kuinuka. Nikaona ni lazima niseme haraka, nikasema vibaya. Nilisema: yule wa kitabuni hakurudi, nilikudanganya, alikufa.

"Na mdomo? Alivyofunika mdomo?"

"Ni wako. Nilimweka wako."

Aliokota kisu akaendelea kumenya. Alimenya ndizi nne, nilizihesabu maana sikuwa na pa kutazama. Kisha akasema nikae chini nisome kilichoandikwa. Akamwambia mwanawe asimame nyuma yangu atazame karatasi nikisoma, na nikiruka neno aseme.

Nikasoma. Sijawahi kusoma vibaya hivyo, hata darasani na mwalimu ameshika fimbo. Kijana alikuwa akipumua juu ya kichwa changu. Nikasoma kitambulisho, viatu, njia ya kwenda makaburini, kibao, namba. Nikasoma kwamba mama yule hakulia. Alitazama magugu yaliyokuwa yamefunika mahali pale, akamwomba mlinzi jembe, mlinzi akasema jembe ni la serikali, akapiga magoti akaanza kupalilia kwa mikono. Alipalilia mpaka udongo ukaonekana mwekundu. Hapo sura inaishia.

"Amesoma yote?" mama akauliza.

"Yote," akasema mwanawe. Sauti yake haikuwa sawa. Alikuwa ameisoma peke yake chumbani na haikumfanya kitu, aliniambia baadaye. Kuisikia ikisomwa mbele ya mama yake ndiko kulikomshinda.

Mimi nilifikiri sasa atakubali. Nilifikiri ukweli, ukishasomwa, una upande mmoja tu wa kuangukia. Alikusanya maganda kwenye sufuria, akasema polepole, akimtazama mwanawe wala si mimi:

"Huyo alionyeshwa mahali. Akapata pa kupiga magoti. Mimi mnataka nipalilie mgomba?"



"Kama kuna udongo wake mahali, nipelekeni. Kama hakuna, msinichimbie shimo hapa mkaniambia ni yeye."

Mwanawe akasema, bila hasira, kwamba mtoto wake analala chini ya bati lenye matundu. Mama akasema anajua. Alisema hajalala kwa kulijua hilo. Nilijua natakiwa kuondoka lakini sikujua nitapita wapi. Mwishowe mama akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na hata wazee walipolisikia walibishana siku mbili: mdogo haruki mkubwa, basi mkubwa ajengewe. Nyumba ndogo ya kijana, chumba kimoja, upande wa juu panapostahili kifungua mimba. Ajengewe kama mtu aliye safarini. Ikishaezekwa, mdogo ajenge yake siku inayofuata, na hakuna mtu amemruka mtu.

Mzee alikataa, halafu akasema nyumba ya mtu asiyekuwepo ni kaburi lenye mlango. Halafu akatoa miti mitano ya mkaratusi kutoka shamba lake. Sijui kilichombadilisha na sitatunga.

Kabla ya kutoka pale kwake siku ile ya ndizi, nilijaribu kumwomba msamaha. Alinikatiza. Alisema, "Ulinionea huruma kama mtoto anayefichwa mauti ya mbuzi wake. Watu wote wa kituo walisikia nikidanganywa." Nilisema wao pia nimewadanganya. Akasema wao hawakuwa na mtu wa kurudi.

Niliwaambia wale wengine kesho yake, nikiwa nimesimama, kabla ya kumwaga majani. Ajuza alikasirika kwamba yule mume hakufungua mdomo kumbe. Karani hakuniuliza kitu tena. Mama shemasi alinitazama akasema, "Mimi nilijua ni uongo wa kitabu. Sikujua ni uongo wako." Walitaka nisome upya kutoka pale kwenye kibao, na nilisoma, sentensi kwa sentensi, na nilipokwama niliwaambia hapa sielewi. Wachache walilia. Nadhani si kwa yule mama.

Jirani yangu hakuwepo. Sasa anafika kituoni mapema, anapimiwa wa kwanza, majani yake yanalazwa kando yakingoja lori, anaondoka.

Siku ya kukandika nyumba ile nilienda na ndoo yangu. Sikualikwa na sikufukuzwa. Tulikuwa wanawake tisa. Alinionyesha ukuta wa nyuma kwa kidole, nikakandika huo peke yangu mpaka saa kumi, na udongo ulikuwa mzuri. Mwanawe alianza kuchimba mashimo ya nguzo zake asubuhi iliyofuata, nyumba ya kaka yake ikiwa bado mbichi. Mtoto wake sasa anatambaa uani.

Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, namwona jirani yangu akivuka ua na ufagio, anafungua kufuli ya nyumba ya mkubwa, anafagia ndani ya chumba kisicho na kitu, anafunga. Nikiwa karibu na mfereji namsalimia. Ananijibu salamu yote, hapunguzi, na haongezi.